Ralph Bunche: mpatanishi aliyesimamisha vita, na watu ambao karatasi haikuwarudisha kwao

Kila mara redio inapotangaza kwamba mkataba umetiwa sahihi, katika kambi na katika nyumba za wenyeji waliopokea wageni swali linakuwa moja: tunarudi lini? Mashariki mwa Kongo swali hilo limeulizwa Lusaka ilipotajwa mwaka wa 1999, kisha Sun City, kisha Goma mwezi wa Januari 2008, kisha Addis-Abeba mwezi wa Februari 2013, kisha Washington na Doha mwaka wa 2025. Majina ya miji yanabadilika, swali linabaki lile lile.

Nyuma ya kila mkataba kuna watu ambao raia hawawaoni: wapatanishi, washauri, waandishi wa vifungu. Mmoja wao, ambaye wengi wanamhesabu kuwa hodari kuliko wote katika karne iliyopita, alikuwa Leopoldville siku ya uhuru wa Kongo, tarehe 30 Juni 1960. Jina lake ni Ralph Johnson Bunche. Alikuwa Mmarekani mweusi, na alikuwa amejifunza Kiswahili. Maisha yake yanafaa kujulikana na familia zilizokimbia vita, kwa sababu yanaonyesha wazi mambo ambayo karatasi ya amani inaweza kufanya, na mambo ambayo haiwezi.

Mtoto wa kinyozi

Bunche alizaliwa Detroit, Marekani, mwezi wa Agosti 1903. Baba yake alikuwa kinyozi. Mama yake alikufa mwaka wa 1917, na baba hakubaki na watoto. Aliyemlea ni nyanya yake, mama wa mama yake, Lucy Johnson, katika mji wa Los Angeles. Mama huyo mzee hakukubali mjukuu wake aambiwe kwamba masomo makubwa ni ya wazungu tu.

Kijana alikuwa wa kwanza darasani, alicheza mpira wa kikapu, akasoma chuo kikuu akiwa anafanya kazi za mikono ili alipe maisha yake. Mwaka wa 1934 alipata udaktari wa sayansi ya siasa kutoka Chuo Kikuu cha Harvard. Hakuna Mmarekani mweusi aliyekuwa amepata udaktari wa somo hilo kabla yake. Kitabu chake cha udaktari kilihusu Afrika: alilinganisha namna Wafaransa walivyotawala Togo na namna walivyotawala Dahomey, inchi inayoitwa leo Benin. Alitaka kujua kama inchi iliyo chini ya uangalizi wa Shirika la Mataifa ilikuwa na nafuu kuliko koloni la kawaida. Aliona tofauti ilikuwa ndogo sana. Bendera na maneno yalikuwa mengine, lakini mtu wa kijijini alilipa kodi ile ile na kufanya kazi ile ile.

Kiswahili cha London

Mwaka wa 1937 Bunche alikwenda London kusoma kwa mwalimu Malinowski, mtaalamu wa mila na desturi za watu. Huko alikutana na mwanafunzi mwingine, Mkenya aliyeitwa Jomo Kenyatta. Kenyatta alimfundisha Kiswahili. Baadaye Bunche alipita Afrika ya Kusini, kisha akafika Kenya, akakaa kati ya Wakikuyu. Walimpa jina la Kariuki, maana yake mtu aliyezaliwa upya, kwa sababu walimwona kama mtoto wa wale waliochukuliwa zamani na sasa amerudi.

Safari hiyo ilimpa kitu ambacho wanadiplomasia wengi wa wakati ule hawakuwa nacho. Wengi waliijua Afrika kwa ramani na kwa ripoti za magavana. Yeye alikuwa ameketi na wakulima walionyang'anywa mashamba yao na walowezi, akasikia mambo kutoka kwao.

Kalamu ya San Francisco

Vita Kuu ya Pili ilipoanza, serkali ya Marekani ilitafuta watu wenye kuijua Afrika. Walikuwa wachache. Bunche aliingia kazini mwaka wa 1941 kama mchambuzi wa habari za Afrika, na mwaka wa 1944 akahamia wizara ya mambo ya inje. Mwaka wa 1945 alikuwa San Francisco katika ujumbe wa Marekani, mahali ambapo Hati ya Umoja wa Mataifa iliandikwa. Alikuwa mshauri, si mkubwa. Lakini sura za 11, 12 na 13, zinazohusu makoloni na inchi zilizowekwa chini ya udhamini, zina alama kubwa ya kazi yake.

Faida ya sura hizo ilionekana polepole. Ruanda-Urundi na Tanganyika ziliwekwa chini ya udhamini, na wajumbe wa ONU waliweza kuzitembelea na kusikiliza malalamiko ya wenyeji. Mwaka wa 1955 Julius Nyerere alisimama New York mbele ya Baraza la Udhamini kudai uhuru wa Tanganyika. Kongo haikuwa chini ya udhamini, ilikuwa koloni la Ubelgiji. Lakini hata Ubelgiji ililazimika kupeleka ONU habari za hali ya elimu, afya na kazi katika koloni lake. Mkoloni aliyezoea kutoulizwa na mtu alianza kuulizwa.

Mwaka wa 1946 Bunche aliiacha serkali ya inchi yake akaingia kazini ONU. Alibaki huko karibu mpaka kufa. Mwaka wa 1949 Raisi Truman alimpa nafasi ya naibu waziri katika wizara ya mambo ya inje. Aliikataa. Washington wakati ule ilikuwa mji wa ubaguzi, na hakutaka kuwarudisha mke na watoto wake mahali ambapo mtoto mweusi hakukubaliwa katika shule ya karibu na nyumba yao.

Yerusalemu, mwezi wa Septemba 1948

Mwaka wa 1948 vita ilianza Palestina kati ya Israeli, inchi iliyokuwa imetangazwa tu, na inchi za Kiarabu. ONU ilimtuma mpatanishi, Folke Bernadotte wa Uswidi, na Bunche akawa msaidizi wake mkuu. Tarehe 17 Septemba 1948 Bernadotte alipigwa risasi na kundi la Wayahudi wenye msimamo mkali ndani ya Yerusalemu, akafa. Afisa Mfaransa, Kanali Sérot, aliyekuwa ameketi karibu naye garini, alikufa pia. Bunche alitakiwa kuwa pamoja na Bernadotte siku ile, lakini alikuwa amecheleweshwa njiani.

Baada ya mauaji hayo, ONU ilimwambia Bunche aendelee na kazi ya marehemu. Hakuwa na jeshi, wala hakuwa na inchi kubwa ya kutisha kwa niaba yake. Alikuwa na waangalizi wachache na makaratasi.

Rhodes: namna kazi ilivyofanyika

Mwezi wa Januari 1949 wajumbe wa Misri na wa Israeli walifika katika hoteli moja kwenye kisiwa cha Rhodes, inchi ya Ugiriki. Mwanzoni hawakutaka hata kutazamana. Namna Bunche alivyowaongoza inasomwa mpaka leo na watu wanaojifunza upatanishi.

Kwanza, aliwatenganisha. Kila ujumbe ulikuwa na vyumba vyake, naye alipanda na kushuka ngazi akibeba maneno ya huyu kwa yule, akiyapunguza ukali njiani. Pili, alianza na mambo madogo. Kabla ya kuzungumza mipaka, aliwafanya wakubaliane juu ya orodha ya mambo ya kuzungumza. Kisha wakakubali kwamba hakuna atakayeshambulia mazungumzo yakiendelea. Alijua kwamba watu waliokubaliana jambo dogo mara tatu wanaona aibu kuvunja kila kitu kwa jambo la nne. Tatu, aliandika mwenyewe. Kila pande mbili ziliposhindana, alikwenda chumbani kwake, akarudi na maandishi mapya, hata kama ni saa nane za usiku. Jioni alicheza biliadi na wajumbe.

Inasimuliwa pia kwamba aliagiza sahani za udongo za ukumbusho zitengenezwe kabla mazungumzo hayajaisha. Mjumbe mmoja alimuuliza angezifanyia nini kama wasingeelewana. Bunche alijibu kwa mzaha kwamba angewavunjia vichwani.

Tarehe 24 Februari 1949 Misri na Israeli zilitia sahihi. Lebanoni ilifuata tarehe 23 Machi, Yordani tarehe 3 Aprili, na Siria tarehe 20 Julai. Mikataba minne katika miezi mitano. Mwaka wa 1950 Bunche alipewa Tuzo la Nobel la Amani, mtu mweusi wa kwanza duniani kulipata. Kwanza alitaka kulikataa, akisema kwamba mfanyakazi wa ONU hafanyi amani ili apewe zawadi. Mkubwa wake, Trygve Lie, alimwambia alipokee kwa heshima ya shirika lote.

Faluja: watu wasiokuwa mezani

Hapa ndipo historia ya Bunche inapowagusa wale waliokimbia. Mikataba ya Rhodes ilikuwa ya kusimamisha vita, haikuwa ya amani. Iliandikwa wazi ndani yake kwamba mistari iliyochorwa ni mistari ya kutenganisha majeshi na haihesabiwi kuwa mipaka ya siku zote. Kila mtu aliamini kwamba mazungumzo ya amani kamili yatafuata upesi. Kuhusu wakimbizi, Wapalestina wapatao 700,000 waliokuwa wameacha nyumba zao, Mkutano Mkuu wa ONU ulikuwa umekwisha kupitisha azimio namba 194 mwezi wa Desemba 1948. Lilisema wanaotaka kurudi na kuishi kwa amani waruhusiwe kurudi, na wasiotaka walipwe mali yao. Lakini azimio lilikuwa New York, na majeshi yalikuwa mahali pengine.

Mfano mmoja unatosha. Wakati wa mazungumzo, kikosi cha askari wa Misri wapatao 4,000 kilikuwa kimezingirwa katika kijiji cha Faluja. Kati ya maafisa wake alikuwamo Gamal Abdel Nasser, aliyekuja kuwa raisi wa Misri. Kuwatoa askari hao wakiwa hai na wenye heshima ilikuwa sharti kubwa la Misri, na Bunche alifaulu. Lakini ndani ya Faluja na kijiji cha jirani, Iraq al-Manshiyya, walikuwamo pia raia zaidi ya 2,000. Kwa ajili yao barua ziliandikwa na kuunganishwa na mkataba: anayetaka kubaki atabaki, na mwili wake na mali yake vitakuwa salama.

Askari wa Misri waliondoka salama, na bendera zao. Raia walibaki na barua. Kwa muda wa majuma machache waliteswa: walipigwa, walitishwa usiku, waliibiwa. Waangalizi wa ONU waliandika ripoti juu ya mambo hayo. Kabla ya miezi mitatu kwisha baada ya sahihi, raia wote walikuwa wamekwenda, na vijiji vikabomolewa.

Kosa halikuwa la maneno, kwa sababu maneno yalikuwa mazuri. Tofauti ilikuwa hii: kifungu cha askari kilikuwa na tarehe, njia ya kupita na watu wa kusimamia, na kila upande ulikuwa na sababu ya kukitimiza. Kifungu cha raia kilikuwa na ahadi tu. Hakukuwa na askari hata mmoja wa ONU wa kulala katika kijiji kile.

Amani kamili haikufuata. Mwezi wa Desemba 1949 ONU iliunda shirika la kusaidia wakimbizi wa Palestina, UNRWA, ambalo wengi walifikiri litafanya kazi kwa muda mfupi. Lipo mpaka leo, na wajukuu na vitukuu wa watu wa mwaka wa 1948 wameandikishwa humo. Mistari ya Rhodes, ambayo haikuhesabiwa kuwa mipaka, ilikaa miaka 18 hadi vita nyingine, ile ya Juni 1967.

Bunche mwenyewe aliona hatari hiyo. Katika hotuba aliyoitoa Oslo baada ya kupokea tuzo, alieleza kwamba kwa watu waliozoea kuteseka wakati wa vita na wakati wa amani pia, neno amani lazima ligeuke kuwa chakula, nyumba, afya, shule, uhuru na heshima. Bila hayo halina maana kwao.

Leopoldville, 1960

Mwaka wa 1956, wakati wa vita ya mfereji wa Suez, Bunche alisimamia kuundwa kwa kikosi cha kwanza cha askari wa ONU wenye silaha, wale wa kofia za bluu. Kwa hiyo Katibu Mkuu Dag Hammarskjöld alipotaka mtu wa kumtuma Kongo mwezi wa Juni 1960, hakutafuta mbali.

Bunche alifika Leopoldville siku chache kabla ya sherehe ya uhuru. Kazi yake ilikuwa kuandaa msaada wa ufundi: walimu, waganga, wahasibu. Kongo ilikuwa inapata uhuru ikiwa na wahitimu wa chuo kikuu wasiofika 30, na jeshi la watu wapatao 25,000 lisilokuwa na afisa Mkongomani hata mmoja. Alidhani atakaa majuma machache.

Tarehe 5 Julai askari wa Force Publique waliasi, baada ya Jenerali Janssens kuwaambia kwamba uhuru haubadilishi kitu katika jeshi. Tarehe 10 Julai askari wa Ubelgiji waliingia kati bila kuitwa na serkali ya Kongo. Siku iliyofuata Moïse Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga. Tarehe 12 Julai Raisi Kasa-Vubu na Waziri Mkuu Lumumba walituma simu ya maandishi New York kuomba msaada wa kijeshi wa ONU. Usiku wa kuamkia tarehe 14, Baraza la Usalama lilikubali. Tarehe 15 jioni askari wa kwanza, Watunisia, walishuka Leopoldville. Waghana, Wamoroko na Waethiopia walifuata.

Bunche, mwalimu wa chuo kikuu asiyewahi kuwa askari, alikuwa kwa siku za kwanza mkuu wa kikosi hicho, mpaka Jenerali von Horn alipofika. Usiku na mchana alipokea ndege, alitafuta magari, alisikiliza mawaziri na mabalozi. Kikosi hicho, ONUC, kilifika karibu askari 20,000. Kabla yake ONU haikuwa imepeleka askari wengi hivyo kwa kazi ya kulinda amani.

Elisabethville, tarehe 4 Agosti

Swali kubwa lilikuwa Katanga. Lumumba alitaka ONU iingie na kumaliza mtengano. Kwa Lumumba jambo lilikuwa wazi: serkali halali imeomba msaada, na jimbo lenye shaba limeshikwa na Tshombe akitegemea maafisa wa Ubelgiji na kampuni ya madini. Kwa Hammarskjöld na Bunche, askari wa ONU walikuja kuondoa Wabelgiji, hawakuja kupigana vita ya ndani ya Wakongomani.

Tarehe 4 Agosti 1960 Bunche aliruka kwenda Elisabethville, Lubumbashi ya leo, kutayarisha kuingia kwa kikosi kilichotakiwa kufika tarehe 6. Tshombe alimwambia kwamba watapigana. Siku ya pili, kwenye uwanja wa ndege, Bunche alikuta askari wa Katanga wenye silaha tayari kuzuia ndege ya ONU, na waziri wao wa ndani, Godefroid Munongo, akiwa pale mwenyewe. Alimshauri Hammarskjöld asitume kikosi siku ile. Ushauri ulifuatwa.

Uamuzi huo unabishaniwa mpaka leo. Wanaomtetea wanasema kikosi kidogo kingepigwa, na kazi yote ya ONU ingevunjika kabla ya kuanza. Wanaomlaumu wanasema Tshombe alikuwa anatisha tu, na kwamba kila siku iliyopita ilimpa nafasi ya kununua silaha na kuita mamluki. Tarehe 12 Agosti Hammarskjöld aliingia Elisabethville pamoja na askari wa Uswidi, bila kupita kwanza kwa Lumumba. Lumumba alikasirika sana, na uhusiano wake na ONU ukavunjika.

Kati ya Bunche na Lumumba pia mambo hayakuwa mazuri. Watu wawili weusi, wote wawili maadui wa ukoloni, hawakuelewana. Katika barua za nyumbani Bunche alimlaumu Lumumba kwa maneno makali. Lumumba alimwona kama mkono wa Wazungu wenye nguvu. Mwisho wa mwezi wa Agosti Bunche aliondoka Kongo amechoka, lakini New York aliendelea kuwa kati ya washauri wa karibu wa Hammarskjöld juu ya Kongo. Tarehe 5 Septemba Kasa-Vubu alimwondoa Lumumba kazini, na wakubwa wa ONU Leopoldville wakafunga viwanja vya ndege na redio, jambo lililomfungia Lumumba njia. Tarehe 17 Januari 1961 Lumumba aliuawa Katanga. Mwezi wa Septemba mwaka ule Hammarskjöld alikufa katika ajali ya ndege karibu na Ndola.

Lawama haziwezi kufutwa kwa sababu mtu alipata Tuzo la Nobel. Bunche alifuata mandate aliyopewa, na mandate ile ilimwacha Lumumba peke yake. Mambo hayo mawili ni ya kweli kwa pamoja.

Kambi ya Elisabethville

Kuna sehemu ya historia ya ONUC ambayo haitajwi sana. Tangu mwaka wa 1960 Waluba walifukuzwa upande wa Luluabourg, wakakimbilia Bakwanga, Mbuji-Mayi ya leo, ambako njaa iliwaua wengi. Mwaka wa 1961 Waluba waliokuwa wanaishi Elisabethville walianza kuwindwa, kwa sababu walihesabiwa kuwa wapinzani wa Tshombe. Walikimbilia karibu na askari wa ONU. Kwa majuma machache tu walifika makumi ya maelfu, wakijenga vibanda kwa magunia na mabati.

Mandate haikusema kitu juu ya kambi ile. Lakini askari wa ONU waliilinda, wakaleta chakula, na mwaka wa 1962 ONU iliwasafirisha wengi wao mpaka kaskazini mwa Katanga na Kasai ya Kusini. Maisha ya kambi yalikuwa mabaya, kulikuwa na njaa, magonjwa na ujambazi. Hata hivyo, kuna tofauti na Faluja. Mahali hapa watu wenye silaha na amri ya kulinda walisimama kati ya raia na wale waliowatafuta. Usalama ulitoka kwa uwepo wao.

Mtengano wa Katanga uliisha mwezi wa Januari 1963, baada ya askari wa ONU kuvuka mto Lufira na kuingia Jadotville, Likasi ya leo, ijapokuwa New York ilitaka wasubiri kwanza. Bunche alirudishwa Kongo mwezi ule kuchunguza kwa nini amri haikufika kwa wakati. Tarehe 30 Juni 1964 askari wa mwisho wa ONUC waliondoka.

Kazi ya mwisho

Bunche aliendelea na kazi: Kipro mwaka wa 1964, mashauri juu ya vita nyingine nyingi. Mwaka wa 1965, akiwa mgonjwa wa sukari na miguu inamuuma, alitembea pamoja na Martin Luther King huko Alabama, kudai haki ya watu weusi ya kupiga kura. Macho yake yalikuwa yameanza kuzimika.

Kazi yake kubwa ya mwisho haikupata kelele. Irani ilidai kwamba kisiwa cha Bahareni ni chake, na Uingereza ilikuwa inajitayarisha kuondoka huko. Bunche alizungumza na pande zote kwa siri. Alipata wakubaliane jambo moja: ONU imtume mtu Bahareni akawaulize wakaaji wenyewe. Mjumbe alikwenda mwanzoni mwa mwaka wa 1970, akasikiliza vyama, wazee na watu wa masokoni. Jibu likawa wazi kwamba walitaka inchi yao wenyewe. Mwezi wa Mei Baraza la Usalama lilikubali, na Irani ilikubali pia, bila risasi hata moja.

Ralph Bunche alikufa New York tarehe 9 Desemba 1971. Mbele ya makao makuu ya ONU kuna bustani ndogo yenye jina lake.

Kazi zake zinawafundisha wasikilizaji namna ya kusikiliza habari za mkataba. Je, kifungu cha kurudi kwa raia kina tarehe kama kifungu cha kuondoa askari? Nani atakayelala kijijini usiku wa kwanza, na ana amri gani? Mstari uliochorwa ni wa muda au wa siku zote, na imeandikwa wapi? Shamba la aliyekimbia litarudishwa na nani kama mtu mwingine amekwisha kulima? Na wale wanaoishi pale, kuna mtu aliyekwenda kuwauliza? Familia inayojua kuuliza hivyo haitafunga mizigo yake kwa sababu ya picha ya watu wanaopeana mikono. Itangoja kusikia jibu la kila swali, moja baada ya lingine, kabla ya kushika njia.